Kihenge Kilipoachia Kitako Sokoni Kibondo

Kwaaa! Halafu shaaa, kama mvua ya mawe juu ya bati. Hata leo nikisikia maharage yakimiminwa kwenye ungo natazama chini kwa aibu, na walioniona siku ile wanaanza kucheka kabla sijafungua mdomo.

Miaka ile ya sabini wakubwa wa wilaya walitangaza ushuru wa soko la Kibondo uwe sawa na wa Kasulu, mzigo ni mzigo, mkubwa kwa mdogo ushuru mmoja. Haya, Kasulu wachuuzi wanaleta magunia kwa lori, sisi wanawake wa Kumsenga vikapu kichwani, sasa kikapu na gunia vimekuwa mapacha lini? Mimi (niliishia darasa la nne, lakini kwa kuota ndoto nilikuwa profesa) nikasema, kama mzigo ni mzigo, tupeleke mmoja! Tukamimina vikapu sita ndani ya kihenge cha mama cha kuwekea nafaka, tukakifunga kwenye machela ya kubebea wagonjwa, tukaenda tukipokezana.

"Poleni jamani, nani anaumwa?" watu wakauliza njiani.

"Maharage!"

Sokoni tukaegesha miti ya machela juu ya magogo mawili yaliyosimikwa, usawa wa kifua. Mtoza ushuru akakizunguka kihenge, akaguna, akaanza kuandika stakabadhi moja. Moja tu! Ningenyamaza basi. Lakini watu walikuwa wamejaa, nikapanda juu ya maharage nihutubie.

"Ndugu zangu, kikapu si..."

Kwaaa. Kitako kikaachia, maharage yote chini, mimi nimekwama kwapani kwenye tundu, miguu inaning'inia, gauni limebaki juu (sisemi zaidi).

"Na huyu naye ni mzigo?" mtoza ushuru akauliza. Soko zima likaangua kicheko. "Haya, kila mtu azoe yake. Vikapu sita, ushuru sita."

Nikajua nimewaponza wenzangu. Ndipo Mama Yusta, aliyekuwa na maharage mengi kuliko sote, akakunja kitenge chake, akaketi katikati ya yale maharage.

"Hatuzoi. Mzigo uko wapi, ndugu? Tuonyeshe chombo."

Wengine nao wakaketi. Tukauza hapo hapo chini, kwa kopo, mimi nikipokea wateja kutoka ndani ya kihenge maana hakuna aliyekuwa na nafasi ya kunichomoa, mpaka mtoza ushuru akafunga kitabu chake akaondoka.

Kuhutubia juu ya kitu chochote, nimeapa, sirudii. Ila siku moja kabla ya gulio lililofuata, mama alipokwenda kisimani, niliketi uani peke yangu nikasuka kitako kipya. Fito mbili mbili.