Domisiana na Kazi ya Saa Sita

Domisiana alijifunza kupiga taipu kwa masista wa Rulenge. Mdomo alizaliwa nao. Kwa mdomo huo alishafukuzwa kazi mara mbili kabla hajawa karani katika ofisi yetu ya wakimbizi, Ngara, mwaka 2004. Mimi nilikuwa dereva hapo, na nilimwogopa kuliko bosi.

Bosi alikuwa Ndassa, mtu wa tai na mihuri. Neno la siri la msimamizi wa kompyuta alilisahau kila wiki, akamwuliza Domisiana. Ndani ya kompyuta hiyo mtaalamu mmoja wa kigeni aliacha kazi inayojiendesha: Jumamosi, saa sita mchana, ifute kwenye orodha ya chakula kila ambaye hakuhesabiwa kambini. Kisha akarudi kwao.

Jumamosi hiyo, saa nne, nikamshusha mlangoni Nyandwi, Mrundi, mtoto mgongoni. Niliwapakia Biharamulo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ulikuwa wapi tulipohesabu watu?"

"Hospitari, mama. Wiki tatu. Mtoto alitaka kufa."

Kumhesabu ilibidi kungoja Jumatatu, maana madaftari yalifungiwa kambini. Domisiana akataka kuisogeza ile kazi hadi Jumanne. Kompyuta ikamjibu kwamba hana ruhusa. Akaingia kama msimamizi. Hana ruhusa.

"Tuizime kompyuta," nikasema.

"Jumatatu Ndassa ataiwasha, nayo itafuta palepale. Frednand, nyamaza."

Tukampigia Ndassa. Akasema iandikwe barua kwenda Dar es Salaam. Domisiana alimjibu maneno nisiyoweza kuyaandika, nami nikasikia raha.

Akaacha kugombana na kazi yenyewe, akafungua faili la kazi hiyo kuona nani karuhusiwa. Tukamkuta mtaalamu peke yake! Alitufutia ruhusa wote, eti tusichezee chakula. Lakini msimamizi, hata akinyimwa ruhusa, anaweza kujiandika kuwa mmiliki wa faili, na mmiliki anajipa ruhusa anazotaka. Wakubwa wetu wamefanya hivyo kwenye viwanja vya watu miaka yote.

Akajimilikisha, akajipa ruhusa, akaandika Jumanne. Ilikuwa saa sita kasoro dakika nne. Tuliikodolea macho kompyuta mpaka saa saba, na orodha ikabaki nzima. Nyandwi alishalala sakafuni na mwanawe.

Jumatatu Nyandwi akahesabiwa, na Domisiana akafukuzwa. Barua ya kumfukuza aliichapa mwenyewe, kwa kuwa mchapaji mwingine hatukuwa naye, akamsahihishia Ndassa makosa mawili. Hasira ile ninayo mpaka leo.

Siku ya mgao nilimpeleka Domisiana kambini. Nyandwi akatoka kwenye foleni na unga na maharage yake, akafungua mfuko, akanuna.

"Mama, yana wadudu."

Domisiana akaomba ungo, akaketi chini kando yake. Wakayachambua pamoja, huku akilitukana shirika kwa sauti ya mtu asiye na kazi ya kupoteza.