Mgeni Aliyelala Kifudifudi

Sijawahi kusema uongo juu ya marehemu mume wangu, wala sitaanza leo. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, enzi za Mwingereza, nikiwa na akili zangu timamu. Ukitaka kucheka, cheka, lakini nisikilize hadi mwisho.

Kazi yangu ilikuwa kukanda. Kwetu Temeke niliwakanda wanawake waliotoka kujifungua, mpaka sifa zangu zikafika Uzunguni. Kule kulikuwa na hoteli kubwa yenye chumba cha mvuke cha wanawake. Wake wa maofisa walikaa humo kwenye mabenchi, wamejifunga mataulo, wakinywa maji ya ndimu na kupiga soga. Majumbani mwao walikuwa wapweke. Hotelini walipata afya na watu wa kuzungumza nao. Wakitoka mvukeni, mimi niliwakanda kwa mafuta katika chumba cha pembeni.

Mume wangu, Shomari, alikuwa kuli bandarini. Bega lake la kushoto lilikuwa na nundu kwa kubeba marobota ya katani, na katikati ya nundu palikuwa na kovu la kulabu, shimo la kutosha ncha ya kidole. Kila jioni alivua shati akaniambia, "Mke wangu, lete moto." Maana mikono yangu ilikuwa na joto kama imetoka jikoni.

Akafa kwa homa ya siku tatu, nikakaa eda. Unajua inavyokuwa: miezi minne na siku kumi ndani, hakuna manukato, hakuna kutoka bila dharura. Mpaka arobaini nyumba ilijaa watu. Baada ya hapo kila mtu alirudi kwake. Nikabaki na wifi yangu Mwanaidi, naye alishinda sokoni akiuza vitumbua. Siku nzima nasikiliza panya darini.

Siku ya sabini nikatoroka. Sitakudanganya kwamba nilikuwa na njaa. Wifi alinilisha vizuri. Nilitaka kusikia watu wakicheka, hata kama lugha yao siijui. Mwanaidi alipokwenda sokoni nikatokea mlango wa uani, nikapita Keko kwa miguu hadi hotelini, nimejifunika buibui.

Memsahibu msimamizi alinipokea kwa kufoka. "Wewe iko potea miezi mbili! Haya, mgeni iko ndani, iko ngojea wewe."

Mgeni alikuwa amelala kifudifudi, shuka kiunoni, taulo kichwani, madoa ya jua mgongoni. Nikatia mafuta ya waridi viganjani, ambayo nayo nilikatazwa, nikaanza na miguu. Baridi! Mtu aliyetoka mvukeni anakuwaje na baridi ya samaki wa kwenye barafu? Nikajiambia labda kajimwagia maji. Nikapanda mgongoni, nikafika bega la kushoto.

Kidole changu kikaingia shimoni.

Niamini, macho yangu yaliona ngozi laini ya mwanamke wa Kizungu. Mikono ndiyo iliyoshika nundu, ile niliyoikanda miaka kumi na moja. Nikataka kuiondoa mikono, ikagoma.

"Leo moto huna?" Sauti ya Shomari, imezama kwenye mto.

"Baba, umefuata nini huku?"

"Nimekuja nyumbani, nimekuta kitanda kitupu. Mie nikae na nani?"

"Nisamehe. Narudi sasa hivi."

"Nipe kwanza huo moto ulio nao."

Baridi ikanipanda vidoleni, ikafika viwikoni, ikasimama hapo. Nikapiga kelele. Mgeni akageuka: mama wa Kizungu, macho ya usingizi, anatetemeka huku akivuta shuka. Wenzake wakaja mlangoni. Akawaonyesha mikono yangu, akasema neno, wakacheka wote. Kicheko nilichokifuata, nikakipata.

Nilikimbia mpaka nyumbani. Mwanaidi alikuwa amesimama mbele ya chumba changu. Aliponiona natokea uani, sinia likamtoka mkononi.

"Wifi! Wewe watoka wapi? Na humu ndani anayegeukageuka kitandani tangu nirudi sokoni ni nani?"

Tukafungua mlango. Hapakuwa na mtu. Godoro lilikuwa limebonyea upande wa ukutani, upande wa Shomari.

Eda niliimaliza, sikukanyaga tena nje. Hotelini sikurudi. Baadaye niliitwa Keko kumkanda mzazi mchanga. Nilipomgusa tumbo akaruka. "Bibi, mikono yako ya maiti!" Habari zikaenea, na hakuna aliyeniita tena.

Basi, wewe uliyefiwa, kaa mpaka siku zako zitimie, maana hujui ni nani anayekuja kukutazama. Na wewe jirani, usiishie arobaini. Ingia, kaa naye, mchekeshe hata kidogo. Mlango wangu ulikuwa wazi siku zote zile.

Sasa hivi mikono nimeianika kwenye jua la saa nane. Bado.