Kibanio cha Marobota

Kwa miaka kumi na mmoja Maduhu aliendesha foklifti katika ghala la pamba pale Isaka, na ungemuuliza mtu yeyote ghalani dereva gani mwenye mkono mwepesi, angekutajia yeye. Alianza kama mpakiaji, akibeba mizigo mgongoni pamoja na Makoye, aliyetoka naye kijiji kimoja upande wa Kharumwa. Mashine zilipokuja, Maduhu akapelekwa kusomea udereva, Makoye akabaki chini na wapakiaji wenzake. Hawakuoneana kijicho. Makoye alimwita "mheshimiwa wa kitini" na kucheka peke yake.

Ndani ya ghala walitumia foklifti ndogo ya gesi, kwa sababu moshi wa dizeli ungewakaba watu. Ile ya dizeli, yenye magurudumu makubwa yasiyoogopa matope, ilikaa uwanjani kando ya reli. Mbele yake ulifungwa mkono unaofaa kazi ya siku hiyo. Kwa magunia yaliyopangwa juu ya chaga za mbao, walifunga meno mawili marefu ya chuma. Kwa marobota ya pamba, ambayo meno yangeyachana, walifunga kibanio: mabamba mawili mapana yanayolikumbatia robota ubavuni, kushoto na kulia. Kinachokaza mabamba hayo ni mafuta yanayosukumwa kwenye mipira. Mafuta yakikosa nguvu, mabamba yanalegea.

Jumanne moja ya mwezi wa nane, asubuhi, Maduhu aliona mpira mmoja wa kibanio unatoa jasho la mafuta. Akamwita Cornel, msimamizi wa zamu.

"Fundi yuko Kahama, anakuja keshokutwa," Cornel alisema, akiugusa mpira kwa kidole. "Na mabehewa yanaondoka leo. Wewe ndiye dereva, Maduhu. Unaonaje?"

Angeweza kusema hapana. Cornel hakuwa mtu wa kufoka, angenung'unika kidogo kisha apige simu. Lakini Maduhu alifikiria mabehewa yaachwe yakimsubiri yeye, na wapakiaji wakae kivulini wakimtazama dereva hodari aliyeshindwa.

"Itashika," alisema.

Ikashika asubuhi nzima. Saa saba walikula ugali na dagaa, yeye na Makoye, katika sahani moja. Makoye alimhadithia habari za binti yake Juliana, aliyekataa kwenda shule mpaka asukwe nywele upya. Maduhu alicheka. Habari ya mpira hakuisema.

Saa tisa alasiri aliinua marobota mawili, moja juu ya jingine, kila moja kilo mia mbili, hadi usawa wa mlango wa behewa. Makoye aliona kigingi kinachozuia gurudumu la behewa kimeteleza, akapita chini ya mzigo na kuinama kukirudisha. Maduhu alihisi kabla ya kuona: kishikio cha kibanio kililegea mkononi mwake, laini, kama kitu kilichokatika ndani. "Makoye!" alipiga kelele. Robota la kwanza lilimpiga begani, la pili likamlalia kifuani. Wanaume sita walilisukuma kwa mikono. Alifia njiani, gari halijafika Kahama.

Kesho yake Cornel alikuja na karatasi ya maelezo ya ajali, iliyokwisha kuchapwa. Iliandikwa kwamba marehemu alipita chini ya mzigo kwa uzembe wake mwenyewe.

"Si uongo," Cornel alisema, macho yake yakikwepa. "Alipita kweli."

"Na kibanio?"

"Kibanio hakuna aliyekiulizia."

Maduhu akatia sahihi.

Msibani, mtu wa ofisi alisoma rambirambi, na baada ya rambirambi akasoma maelezo yale, mbele ya ukoo mzima. Lilipofika neno "uzembe", mama yake Makoye, bibi kizee asiyejua Kiswahili vizuri, alimgeukia aliyekaa karibu naye aelezwe kwa Kisukuma. Alipoelezwa, akafunika uso kwa khanga. Maduhu alikuwa ameketi hatua tano tu kutoka pale. Hakusimama.

Siku ya tisa alirudi peke yake kwa pikipiki. Limi, mke wa marehemu, alikuwa akianua nguo.

"Karibu, shemeji."

Alimweleza yote, amesimama, kofia mkononi. Limi alimsikiliza akiwa bado ameshika gauni la mtoto.

"Ulijua tangu asubuhi?"

"Nilijua."

"Na mchana ukala naye?"

"Tulikula."

Alikunja lile gauni mara mbili, akalikunjua. "Usiniambie mimi peke yangu, kama mtu anayetua mzigo wake mlangoni kwangu," alisema. "Wale waliosomewa ile karatasi, nenda ukawaambie hao."

Akaenda. Jumapili iliyofuata wazee wa ukoo walikusanyika, naye akasema mbele yao, kisha akasema tena kwa mkaguzi wa serikali. Wadogo zake Makoye walimtoa uani kwa kumsukuma, na mmoja alimpiga ngumi ya mdomo. Leseni yake ya kuendesha mashine ilifutwa, kazi ikaisha, na kesi bado inapigwa kalenda. Cornel alihamishiwa ghala jingine. Ofisi ikatuma barua mpya yenye kufuta lile neno, na mama yake Makoye akaamuru isomwe kwa sauti uani kwake, mara mbili, kwa Kisukuma.

Sasa Maduhu anasukuma toroli la mkono katika mashine ya kukobolea mpunga Nyasubi, mjini Kahama. Limi naye amehamia mjini, anauza nyanya sokoni. Wakikutana, Juliana humwamkia "shikamoo", naye hujibu "marahaba". Mama yake hutazama kando mpaka apite.

Mwezi uliopita mwenye kinu alinunua foklifti kuukuu kutoka Mwanza. Akawaita vibarua wote, akauliza nani kati yao amewahi kuendesha mashine kama hiyo. Maduhu aliinama, akaendelea kufunga mdomo wa gunia.