Nyimbo za Ndani

Kicheko kile kilikuwa cha mwanamume mmoja, kirefu, kutoka viti vya nyuma vya sinema. Kisha ukumbi mzima ukamfuata. Bi Zuleikha alikuwa ameketi juu na wanawake wenzake. Na pale mbele, kwenye kitambaa cheupe, alikuwa yeye mwenyewe, hana buibui, akimwimbia mwari nyimbo za kumfunda.

Miaka thelathini alikuwa somo Malindi, mfunda wa mabibi arusi. Wa mtaa wa Shela, mama na mabinti zao, walipita mikononi mwake. Mwaka wa 1985 wakaja watu wa filamu kutoka Nairobi na hadithi ya mapenzi ya kuchekesha: kijana wa ofisini ataka ndoa ya sahihi na keki, nyanya wa msichana ataka siku saba za sherehe za kimila. Wakamwomba aongoze vugo, ngoma ya arusi, barabarani, wanawake wagonge pembe zao. Akakubali. Nyimbo za njiani ni za kila mtu.

Za ndani ni za wanawake peke yao. Lakini Nyakio, mwigizaji wa bibi arusi, hakujua hata namna ya kuinamisha kichwa.

"Mfundishe kidogo tu, mama," akasema Gerishom, mkubwa wao, aliyesimama kizingitini. "Ni mazoezi. Mashine ya picha imezimwa."

Sasa wanaume wa mji mzima wamekata tiketi, wakayaona mazoezi hayo. Sokoni vijana walimwimbia wakikata viuno. Aliwatukana wao na baba zao. Akaenda posta kumpigia simu Gerishom.

"Mwongo! Hayawani! Mamako hakuolewa?"

"Lakini mama, watu wamekupenda!"

Ijumaa akaja Batuli, shoga yake tangu chuo cha Kurani. Arusi ya bintiye ilibakia wiki mbili.

"Nimechukua somo wa Mambrui," akasema, wala hakuketi.

"Kwa sababu ya mwongo yule?"

"Kwa sababu ya mwanangu. Utamwambia siri gani, Zule, ambayo mumewe hajaicheka?"

Bi Zuleikha akawaka upya. Akailaani Nairobi nzima, na filamu zao, na wanaume wasio haya. Batuli akamwacha mpaka akaishiwa pumzi.

"Mashine ile barabarani ilinguruma kama cherehani. Chumbani hukuisikia?"

Bi Zuleikha alitazama viganja vyake.

"Niliisikia," akanong'ona. "Ndipo nikaimba vizuri."