Mvua Ilipomkuta Biira Kazini

Siku ile nyumbani kwetu Bwera tulikuwa mimi, mdogo wangu Biira, mtoto wake mchanga aliyelala kitandani, ndugu yetu Thembo, na jirani, Mama Kabugho, aliyekuja kuazima ungo. Bosi wa Biira pia alikuwepo, ndani ya kompyuta. Huyo sikumwona. Kosa ni langu.

Wazazi walipofariki niliacha shule ya msingi, nikawalea Biira na Thembo kwa kulima kahawa. Kwangu mimi, kazi ilikuwa kitu kinachochafua mikono. Biira alikuwa akijibu simu za wateja wa kampuni moja ya Kampala akiwa chumbani, nami nilimtuma kama mtu asiye na shughuli: fukuza kuku, nenda sokoni Mpondwe, geuza kahawa. Alikwenda. Akirudi, namsikia akiwaomba msamaha wakubwa wake.

Siku hiyo wingu likashuka kutoka mlimani, na kahawa yote imeanikwa nje kwenye turubai. Kwetu mvua ikija, hata mgonjwa hutoka kusaidia. Tuliita. Biira hakutoka.

"Huyu wako ameolewa na kompyuta," Mama Kabugho alisema, akicheka huku akikusanya.

Nikaingia. Biira akainua mkono. "Dada, ngoja kidogo tu."

"Ningoje nini? Kahawa inalowa, na wewe umekaa kama bibi harusi. Mvivu wewe!"

Nikamvua vile vya masikioni, nikafunga kompyuta. Mtoto akaamka akilia.

Thembo ndiye aliyenieleza baadaye. Kampuni ilikuwa inawarudisha wote ofisini Kampala. Biira aliomba abaki Bwera kwa sababu ananyonyesha, na bosi alikuwa akimuuliza, wakati ule ule, kama nyumbani kuna utulivu wa kufanyia kazi.

Jibu nilimpa mimi.

Wakamwambia aende Kampala. Na mtoto amwachie nani huko? Akaacha kazi. Kahawa tuliiokoa yote.

Wewe mwenye ndugu anayefanyia kazi chumbani, mlango ukifungwa, mhesabu kuwa amesafiri. Kama kahawa inalowa, ilowe.

Nilimwita mvivu mbele ya watu, kwa hiyo neno hilo lazima niliondoe mbele ya watu wale wale. Thembo nimemwambia. Mama Kabugho nimemwendea nyumbani kwake. Amebaki bosi.

Kila nikimwomba Biira namba ya bosi huyo, ananijibu, "Wacha tu, dada," kisha anarudi kugeuza kahawa.