Pumzi za Fundi Rangi

Siku ya kwanza fundi rangi alipoingia dukani kwa Mama Msasa, walibishana robo saa juu ya karatasi moja ya msasa. Yeye aliikwaruza kwa ukucha, akasema imelala. Mama akamwambia akitaka ulioamka akanunue tupa. Mwisho wakakutana katikati, kila mmoja akijua kamzidi mwenzake. Biashara inayodumu huanza hivyo.

Kwa miaka tisa alichukua kwake msasa, thina ya kuzimulia rangi, na sigara. Hasa sigara. Alikuwa na jicho la kuchanganya rangi hata mwenye gari asijue bati lilipozibwa.

Kisha kiwanda cha mabasi kikatangaza kinataka mafundi rangi: mshahara wa mwezi, matibabu, likizo. Ila baada ya miezi minne kila mwombaji angepuliza kwanza kwenye mashine ya kupima pumzi. Na fundi, ngazi tano tu za duka zilimfanya aheme kama mvukuto.

Mama Msasa hakuzoea kuacha mteja aende bure. Akamwekea mezani kikopo cha vifuko vyeupe vya nikotini, vya kubana chini ya mdomo wa juu.

"Kwa hiyo hii ni dawa?" fundi akauliza.

"Dawa wapi. Nikotini ni ile ile, itakushika shati kama kawaida. Moshi ndio utaachana nao. Nauza nilichonacho, baba, siuzi uzima."

Wakavutana bei, akachukua. Wiki ya tatu kikohozi kilipungua, akawa anapanda ngazi huku anapiga soga.

Sasa, kwenye gereji alikofanyia kazi fundi kulikuwa na sheria moja isiyochezewa: thina na moto havikai pamoja. Aliyetaka sigara alivua ovaroli, akanawa kwa sabuni bombani, akavuka ua hadi ukutani. Fundi alifanya safari hiyo mara kumi na mbili kwa siku, na tajiri wa gereji alimsindikiza kwa matusi, akimwita mgeni rasmi. Kifuko hakikuhitaji safari. Fundi akawa anashinda kwenye chumba cha kupulizia rangi asubuhi hadi alasiri, barakoa kaishusha kidevuni ili abadilishe kifuko, kwa vidole vyenye rangi mbichi. Tajiri alifurahi mpaka akawa anamnunulia vikopo mwenyewe.

Mama Msasa aliyaona siku aliyopeleka madumu ya thina. Akamuuliza mbona siku hizi haonekani ukutani.

"Nimeacha sigara, mama. Nikafanye nini kule, nihesabu matofali?"

Mama akacheka. Aliiona ile barakoa kidevuni, na alijua harufu ya chumba kile. Akashusha madumu, akaondoka. Wakati ule gereji ilikuwa inamaliza thina haraka kuliko zamani.

Siku ya kipimo ikafika. Muuguzi alimpulizisha mara tatu, akamuuliza habari za sigara, kisha za kazi, na hapo kalamu ikaanza kutembea. Kifua kilikuwa kimebana, akamwambia, si kwa moshi bali kwa mvuke wa rangi na dawa ya kuikaushia. Kiwanda hakingemchukua. Na chumba cha rangi, popote kilipo, asikikanyage tena.

Alitoka huko akaja moja kwa moja dukani.

"Mama, kumbe sigara ndiyo iliyokuwa inanitoa nje."

"Ilikutoa nje ili ikuulie huko," akajibu, ila sauti haikuwa ya dukani.

Leo fundi ni mlinzi, anafungua geti la gereji ile ile. Magari yaliyopakwa ovyo yanapita mbele yake. Yeye anaona kasoro, hana wa kumwambia. Tajiri alipata wengine wa kupuliza. Mama Msasa hakupoteza chochote kinachopimika: thina inatoka, na fundi bado ni mteja wake wa vifuko, maana nikotini haikupewa barua ya kuachishwa kazi. Ila siku hizi Mama hambishii bei. Anachotaja fundi ndicho kinacholipwa, naye hashukuru.