Kisanduku Kisichonukia

Mjini Ferrara, bwana harusi asiyepeleka kisanduku kwa mchumba wake alihesabiwa hajapeleka kitu. Na visanduku vilivyosifiwa vilitoka kwa Orsolina, mjane wa seremala. Alikanda kinyunya cheupe cha unga wa madini ya risasi na ute wa yai, akatia miski, akakishindilia kwenye kalibu ndogondogo. Vikatoka vijitu vyembamba, askari, farasi na malkia, akavibandika kimoja kimoja juu ya mbao za kisanduku zilizopakwa dhahabu. Mkono wake haukutetemeka hata uzeeni.

Siku moja Lionora, mchumba wa mtengeneza matandiko ya farasi, aliingia karakanani amejifunika shela mpaka puani.

“Mama, hicho unachokanda ndicho changu?”

“Ndicho. Miski bado.”

“Basi nakuomba usitie. Nina pumu. Miski ikinifikia, pumzi inakata.”

“Mwambie mwenzio.”

“Yeye anajua. Mama yake ndiye hajui. Akisikia nina pumu, atasema mwanawe anaozeshwa mgonjwa, na posa itarudishwa.”

Orsolina aliinua kichupa cha miski, akakirudisha rafuni.

Mama mkwe wa Lionora, Bibi Taddea, alipokuja kukichukua kisanduku alikinusa pande zote, kama anayenunua samaki.

“Orsolina, hiki hakinukii.”

“Hakinukii, bibi.”

“Umetupunja miski?”

Hapo angeweza kujisafisha kwa neno moja. Alifuta vidole kwenye aproni.

“Nimesahau. Uzee huu.”

“Basi tia sasa.”

“Kimeshakauka, hakipokei. Na ukipaka juu, dhahabu inabanduka.”

Taddea alikichukua huku akinung’unika, na kabla ya Jumapili sokoni kote Orsolina alikuwa “yule msahaulifu”. Wateja wawili walihamia kwingine. Hakujitetea kwa yeyote.

Kisanduku kilipofunguliwa karamuni, mbele ya ndugu wa pande zote mbili na Orsolina aliyealikwa, Lionora hakujipepea wala kugeuza uso. Alikiinamia mpaka pua ikakaribia kugusa farasi, akapitisha kidole taratibu juu ya kila kijitu, akivuta pumzi ndefu, moja baada ya nyingine.

“Tazameni anavyokipenda,” Taddea aliwaambia wageni, amejaa fahari. Kisha akamsogezea Orsolina sahani ya nyama. “Kula, msahaulifu. Au na njaa umeisahau?”

“Hiyo naikumbuka, bibi,” Orsolina akasema, akala.